Cyril Wawili

Jumamosi ile walipiga kengele saa tatu na dakika mbili mfululizo, na Jumapili asubuhi Gaynor Borrett hakuweza kushika kijiko. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge sita, matatu kila upande, na kila aliyepita nyumbani kwao alilazimika kuyatazama. Mama yake alikuwa ameshayaonyesha kwa jirani wa kulia, jirani wa kushoto na muuza maziwa. Bibi yake, ambaye hakuwa na malengelenge ya kuonyesha, alijitosheleza kwa kuitangazia foleni nzima ya duka la nyama kwamba mjukuu wake amepiga mpigo mkuu, wa kwanza maishani mwake, akiwa na miaka kumi na tisa tu, na kwamba Ijumaa jina lake litatoka gazetini.

Walikuwa na haki ya kujisifu. Kengele nane za kanisa la Wickenfield hazipigwi kwa kufuata wimbo. Zinapigwa kwa safu: kila kengele mara moja, kisha kila kengele tena mara moja lakini kwa utaratibu mwingine, na mwingine, na mwingine. Mpigo mkuu ni safu elfu tano na hamsini na sita, watu wanane, kila mtu na kamba yake, bila kupokezana, bila maji, bila kwenda chooni. Sharti lake ni moja: safu isijirudie. Safu moja ikipigwa mara mbili, mpigo wote ni batili, na waliopiga wanatakiwa kuufuta wao wenyewe, kwa barua katika gazeti la wapiga kengele. Hakuna polisi wa kengele. Hakuna mtu anayekaa makaburini na daftari akihesabu. Ukisema mpigo wako ulikuwa halali, basi ulikuwa halali.

Aliyewaongoza alikuwa Wilf Garrod, tarishi mstaafu wa posta mwenye miaka sabini na mmoja na masikio makubwa kiasi kwamba watu husema alianza kupiga kengele ili yapate kazi. Mpigo wenyewe aliutunga yeye. Kuutunga maana yake ni kuamua mwongozaji apaze sauti wapi, kwa sababu kila anapotoa mwito, wapigaji hubadilisha njia na safu zinakwenda kwingine. Wilf alikuwa amekaa na miito hiyo miaka kumi na moja. Aliihamisha, akairudisha, akailaani, akalala nayo. Mbao zenye majina ya dhahabu kwenye ukuta wa mnara zinaishia mwaka 1924, na tangu hapo hakuna mwana Wickenfield aliyetunga chochote cha kuandikwa. Sasa ni 1991. Cyril Pettit, mfugaji wa nguruwe na mpiga kengele kubwa, alikuwa ameshapasua ubao kutoka kwenye mwaloni ulioangushwa na ile tufani kubwa ya mwaka 1987, akaupiga randa mpaka ukang'aa, akauweka zizini ukisubiri majina.

Jumanne Wilf akampigia simu Gaynor. Mashine ya kuchapa ya kompyuta yake ilikuwa inatafuna karatasi, na yeye alitaka kuchapa yote ile programu aliyoiandika ya kukagua mipigo, ili aihifadhi pamoja na barua na picha za siku ile. Gaynor alikuwa anasoma kompyuta chuoni Ipswich, kwa hiyo pale kijijini aliitwa kila kitu chenye waya kilipogoma, pamoja na kibaniko cha mkate cha kasisi. Akaenda kwa baiskeli, akishika usukani kwa ncha za vidole.

Mashine haikuwa na ugonjwa wowote ila karatasi ilikuwa imewekwa upande. Akaigeuza, ikaanza kulia kama nyuki ndani ya kopo, na karatasi zikatoka zimeungana, zikijikunja sakafuni. Wilf alikuwa jikoni akimsaidia mkewe Enid kutafuta biskuti alizozificha asizione Wilf. Gaynor akachukua karatasi, akaanza kusoma kwa kupoteza muda.

Programu ile ilifanana na mwenyewe. Wilf aliiandika kwanza kwenye kompyuta yake ya zamani, ile iliyochomekwa kwenye televisheni, kwa lugha ya BASIC ya wakati ule: mistari yenye namba, kutoka kumi hadi elfu nne, uzi mmoja mrefu. Krismasi iliyopita binti yake alimletea kompyuta mpya yenye BASIC mpya, na gazeti la kompyuta likamshauri kwamba mtu mstaarabu hukata programu yake vipandevipande, programu ndogondogo, kila moja na kazi yake. Wilf akaikata kama keki ya harusi. Kipande kimoja kikawa cha kutengeneza safu, kingine cha miito, kingine cha kukagua kama kuna safu iliyojirudia.

Vigeu vyake, yaani vile visanduku vyenye majina ambamo programu huweka namba zake, alivipa majina ya watu. Urefu wa mpigo uliitwa KASISI, kwa kuwa ulikuwa haumaliziki. Idadi ya safu zilizojirudia iliitwa CYRIL.

Gaynor akacheka peke yake. Cyril Pettit ana hadithi moja duniani, ya nguruwe aliyepanda ngazi akalala kwenye kitanda cha mama mkwe wake, na ameisimulia kila Jumatano ya mazoezi tangu nguruwe huyo akiwa hai.

Akaendelea kusoma, na kwenye ukurasa wa tatu kicheko kikakauka.

Katika BASIC ya zamani kigeu ni mali ya kijiji kizima. Ukisema CYRIL mstari wa mia mbili, ni CYRIL yuleyule wa mstari wa elfu tatu. Kila mtu anamjua, kila mtu anaweza kumwongezea mzigo. Katika BASIC mpya kila programu ndogo ni nyumba yenye mlango wake, na mlango umefungwa. Ukimwita CYRIL ndani ya nyumba hiyo, anazaliwa CYRIL mpya mwenye sifuri mkononi, anafanya kazi yake kwa uaminifu, na kazi ikiisha anakufa bila mazishi. CYRIL wa nje hapati habari. Ukitaka wawe mmoja, unaandika neno moja tu, SHARED, kutangaza kwamba huyu ni wa nyumba zote. Neno lenyewe ni herufi sita.

Gaynor alilitafuta ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Halikuwepo.

Kwa hiyo ndani ya programu ya ukaguzi kulikuwa na Cyril mmoja anayehesabu safu zilizojirudia, na nje kulikuwa na Cyril mwingine ambaye hakuhesabu kitu, na huyo asiyehesabu kitu ndiye aliyekuwa anaulizwa mwishoni. Naye alijibu ukweli wake: sifuri. Ungempa mpigo wenye safu moja iliyorudiwa mara elfu tano, bado angejibu sifuri.

Wilf akaja na biskuti akauliza kama mashine imepona. Gaynor akasema imepona. Akala biskuti mbili bila kujua zina ladha gani, akaomba ruhusa ya kuondoka na nakala moja, akapanda baiskeli.

Njiani alijitetea sana. Kwanza, kosa la mkaguzi si kosa la mpigo. Huenda mpigo wenyewe ulikuwa safi kabisa na mkaguzi alikuwa amelala tu. Pili, Wilf ametunga miaka kumi na moja, mtu kama huyo hakosei. Tatu, na hili hakulisema hata moyoni kwa sauti, alikuwa amepiga mpigo mkuu, yeye, na hataki mtu aje auchukue, hasa kama mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Jumatano, chuoni, aliichapa programu nzima upya kwa vidole vyenye plasta, akaongeza lile neno mahali pake, akaingiza miito ya Jumamosi, akaiacha ikimbie wakati wa chakula cha mchana. Aliporudi na sandwichi yake, kwenye kioo cha kompyuta palikuwa pameandikwa kumi na sita.

Akaikimbiza tena. Kumi na sita tena. Sandwichi akampa mwenzake.

Saa kumi alasiri alikuwa kwenye bustani ya Wilf. Mzee alikuwa amepiga magoti akifunga miharage kwenye vijiti, anaimba puani. Barua ya mpigo ilikuwa imeshafika gazetini. Gazeti linafungwa Alhamisi saa sita mchana na kutoka Ijumaa. Gaynor alikuwa ameandaa maneno mazuri njiani, lakini alipofika yalikuwa yameanguka mahali fulani karibu na kivuko cha reli. Ikabidi aanze tu. Akasema ana wasiwasi na ukaguzi.

Wilf hakuinuka. "Mashine ilisema sifuri, binti."

"Sifuri ya nani?"

"Ya Cyril."

"Cyril yupi?"

Wilf akatazama barabarani, kama vile huenda Cyril anakuja na ndugu yake. Kisha akamtazama Gaynor, na kwa kuwa alikuwa mtu wa akili, akaanza kuogopa kabla hajajua anaogopa nini.

Gaynor akamweleza. Alitumia miharage: huu mstari ni programu kubwa, huu ni programu ndogo, katikati ni ukuta. Akasema huku kuna Cyril, na huku kuna Cyril, na hawajawahi kukutana. Wilf akasema hilo haliwezekani, Cyril ni Cyril, amemwandika kwa jina moja kote. Gaynor akasema jina moja halitoshi, mashine mpya haijali majina, inajali nyumba. Wilf akasema huo ni ujinga wa kiwango cha serikali. Gaynor akakubali.

"Nikuulize kitu kimoja, Wilf," akasema. "Tangu Krismasi umeipa mashine hiyo mipangilio mingapi?"

"Sijui. Hamsini. Sitini."

"Na imekukatalia mingapi?"

Wilf akashika kijiti cha miharage. Midomo yake ikacheza, ikihesabu.

"Nilidhani nimekuwa hodari," akasema.

Wakaingia ndani. Wilf aliketi mwenyewe mbele ya mashine, hakutaka kushikiwa. Gaynor akamwonyesha mahali, naye akaandika lile neno kwa kidole kimoja, herufi moja moja, kama anayesaini hati ya kukamatwa kwake. Akaingiza miito. Ukaguzi wa safu elfu tano, kila moja dhidi ya wenzake wote, ulichukua dakika kumi na nane, na kwa dakika kumi na nane Enid aliwamiminia chai ambayo hakuna aliyeinywa. Katika dakika hizo Wilf alikiri jambo. Mpangilio wake wa awali, ule wa kwenye mashine ya zamani, ulikuwa umekaguliwa kweli na ulikuwa halali. Lakini ulikuwa mkavu, uji usio na chumvi. Mwezi wa pili akahamisha miito miwili ya mwisho ili kengele zishuke vizuri, tano sita saba nane, kila moja nzito kuliko iliyotangulia, kama mtu anayeteremka ngazi, pale karibu na mwisho ambapo mikono imechoka na masikio yanahitaji zawadi. Mashine mpya ikamwambia sifuri. Akafurahi mpaka akamkumbatia Enid saa tatu asubuhi, na Enid akadhani kuna mtu amekufa.

Kioo kikaandika kumi na sita.

Nje mtu alikuwa anakata majani kwa mashine, anakwenda, anarudi.

Enid ndiye aliyeanza. Alisema taratibu, akifuta meza ambayo haikuwa chafu, kwamba ni safu kumi na sita kati ya elfu tano, na kwamba watu hawa wawili ndio pekee duniani wenye habari hiyo, na kwamba yeye haoni ni nani mwingine atakayejua.

"Wewe umeshajua," Wilf akasema. "Na ukijua wewe, chama cha akina mama kitajua kabla ya Jumapili."

Enid akamrushia kitambaa. Lakini Wilf hakuwa anatania sana. Alikuwa ameweka kidole kwenye kioo, juu ya ile namba, kana kwamba anapima kama ina joto. Akasema mashine haikupiga chochote Jumamosi. Watu wanane ndio waliopiga, na walipiga safu kumi na sita mara mbili, na yeye ndiye aliyewaita waende huko. Kisha akamgeukia Gaynor, na hapo ndipo ilipomwingia, ikaonekana usoni, masikio yote mawili yakawa mekundu.

"Na wako umekwenda na wangu," akasema. "Mpigo wako wa kwanza."

Gaynor akasema si kitu. Sauti yake ikasema ni kitu.

"Malengelenge lakini ni halali," Wilf akasema. "Hayo hayafutwi kwa barua."

Asubuhi ya Alhamisi saa tatu kasorobo alikuwa ameshampigia simu mhariri. Gaynor hakuwepo, lakini Enid alimsimulia baadaye: Wilf alisimama wima kwenye ukumbi, amevaa tai. Alivaa tai kwa ajili ya simu. Mhariri alisema bado kuna nafasi ya kuiondoa habari yote kimyakimya, kama vile haikuletwa. Wilf akakataa. Akasema watu wa vijiji vitatu walisikia kengele zile kwa saa tatu, na habari isipotoka wataulizana. Akamsomea maneno aliyoyaandika nyuma ya bahasha, kwamba mpigo wa Wickenfield uligunduliwa kuwa batili kwa safu kumi na sita, kosa ni la mtungaji, wapigaji hawana lawama, na kwamba wataujaribu tena. Hilo la mwisho alikuwa hajamuuliza mtu yeyote.

Kwa hiyo ikabidi aulize. Alipiga simu sita, mtu baada ya mtu. Mwalimu wa shule alicheka. Mke wa muuza magari alilia kidogo, kisha akasema afadhali, maana safari ile alikuwa anaumwa na mgongo na hakufurahia. Wengine watatu walisema watakuja, mradi isiwe siku ya maonyesho ya maua. Cyril alimwacha wa mwisho, na Cyril ilibidi aambiwe yote, pamoja na kwamba jina lake limekuwa likitumika ndani ya mashine bila ruhusa, na kwa nini.

Cyril alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kumi na sita tu?" Cyril akasema. "Mimi hadithi ya nguruwe nimeisimulia zaidi ya hapo, na hakuna aliyeniandikia barua gazetini."

Akasema atakuja. Ila shayiri yake ilikuwa inakaribia kuiva, na Jumamosi yoyote itakayokuwa kavu yeye atakuwa juu ya mashine ya kuvunia, na hapo watafute mtu mwingine wa kuvuta tani moja ya shaba.

Ikabaki kupata mpangilio. Kurudi kwenye ule uji usio na chumvi Wilf alikataa. Alisema akishafedheheka anataka afedheheke kwa ajili ya kitu kitamu. Gaynor akaja kila alasiri baada ya chuo. Yeye ndiye aliyeifundisha mashine kulinganisha mwanzo na mwisho wa kila fungu la safu badala ya safu zote, na kazi ya dakika kumi na nane ikawa ya nusu dakika. Kisha akajisikia vizuri, na mtu akijisikia vizuri ndipo hufanya mambo. Aliandika programu ndogo mpya, yake mwenyewe, ya kuhamisha ile miito miwili ya mwisho mahali pamoja, kisha pengine, kisha pengine, na kila mara imwite mkaguzi. Wakaiwasha, wakakaa na biskuti.

Kumi na sita. Kumi na sita. Kumi na sita.

Baada ya mara ya thelathini Gaynor alianza kusema kwamba pengine haiwezekani, pengine uzuri ule na uhalali haviwezi kukaa nyumba moja. Wilf alikuwa amekiinamia kioo, miwani kwenye ncha ya pua, na mabega yake yakaanza kutikisika. Gaynor akadhani analia.

"Binti," akasema, "hiki kijisanduku chako kinachokumbuka umefika jaribio la ngapi. Kinaitwa nani?"

"WILF," Gaynor akasema, kwa aibu kidogo.

"Na kimeandikwa kwamba ni cha nyumba zote?"

Gaynor akatazama. Kila programu yake ndogo ilipoitwa, WILF alizaliwa upya akiwa na sifuri, akajaribu jaribio la kwanza, akafa. Mara thelathini, jaribio lile lile la kwanza. Mashine mpya ilikuwa imemng'ata na yeye, msomi wa Ipswich, kwa jino lile lile.

Wilf alicheka mpaka Enid akaja kuangalia. Alisema amefurahi kujua kwamba amekufa mara thelathini alasiri moja na bado anatamani biskuti. Alicheka kwa namna ambayo hakuwa amecheka tangu ile Jumatano ya miharage, na Gaynor, akiwa mwekundu hadi shingoni, akaongeza lile neno, na alipokuwa analiandika akagundua kwamba kifua chake kimekuwa chepesi. Hadi pale alikuwa amebeba jambo kana kwamba yeye ndiye aliyemvunjia mzee kitu. Sasa walikuwa wawili waliokosea kosa moja, na mmoja wao anakoroma kwa kicheko.

Jaribio la kumi na tisa likaleta sifuri.

Gaynor akaruka. Wilf akamwambia akae. Akasema sifuri ameshapewa sitini, amezishiba. Mashine ambayo haijakukatalia, akasema, hata ikikukubalia hujapata kitu. Akachukua mpangilio mpya, akautia sumu kwa makusudi: akahamisha mwito mmoja mahali ambapo alijua, kwa kalamu na karatasi, kwamba fungu zima litajirudia. Akaipa mashine. Ikasema kumi na sita. Akahamisha mwito mwingine aharibu zaidi. Ikasema arobaini na nane. Akaharibu kabisa, akaufanya mpigo ugeuke nusu njia na kurudi ulikotoka. Ikaleta namba kubwa ya kutisha, na Wilf akapiga paja kwa raha, kama mtu aliyetukanwa na rafiki wa zamani.

Ndipo akarudisha ule mzuri, akaondoa njia ya mkato ya Gaynor, akaamuru ukaguzi kamili, safu kwa safu, dakika kumi na nane. Safari hii chai ilinyweka. Sifuri ilipotokea aliitazama kwa muda, kisha akachukua bahasha akaandika utunzi kwa mwandiko wa tarishi, mkubwa na wazi: umetungwa na W. Garrod na G. Borrett.

Gaynor akasema yeye hakutunga, alihamisha tu.

"Na mimi miaka kumi na moja nimefanya nini?" Wilf akasema.

Siku iliyowafaa wote ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Julai. Wiki nzima kabla ya hapo jua liliwaka kama la nchi za watu wengine. Shayiri ya Cyril ikawa rangi ya mkate. Kila mtu Wickenfield akatembea bila koti, watoto wakala aiskrimu, wenye hoteli za pwani wakamshukuru Mungu, na watu wawili tu katika kaunti nzima ya Suffolk wakawa wanatoka mlangoni kila asubuhi, wanatazama juu na kunung'unika. Ijumaa jioni Cyril alipaka mafuta mashine yake ya kuvunia. Alimpigia Wilf kumwambia hivyo, kwa heshima.

Jumamosi saa mbili asubuhi ikanyesha. Haikuwa ya kishindo, ilikuwa ile mvua ya Kiingereza isiyo na haraka, inayojua ina siku nzima. Saa nane kasoro dakika kumi Cyril akapanda ngazi za mnara akiwa amelowa hadi kwenye soksi, akavua koti, akalitundika, akasema neno moja kuhusu shayiri yake ambalo halifai kuandikwa na ambalo lisingestahili kusemwa kanisani, akaenda kusimama chini ya kamba yake.

Walikuwa wanane tena. Viganja vya Gaynor vilikuwa vimepona, ngozi mpya imekuwa ngumu kidogo kuliko ya awali. Wilf alikuwa na bahasha mfukoni lakini hakuitoa. Miito yote alikuwa nayo kichwani. Alimtazama kila mmoja kwa zamu. Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba kama kuna anayetaka kwenda chooni, ni sasa au saa kumi na moja. Mwalimu wa shule akaenda. Wakamsubiri. Akarudi.

Mpiga kengele ndogo ndiye anayewaanzisha wengine, kwa kutangaza kwamba kengele yake inakwenda, na mpiga kengele ndogo alikuwa Gaynor. Akashika kamba, mkono mmoja juu, mwingine kwenye ncha yake ya chini. Mvua ilikuwa inagonga paa la madini ya risasi huko juu. Chini barabarani mwanamke mwenye mwavuli alisimama, kama watu wanavyosimama wakijua kengele ziko karibu kuanza.

"Jiandaeni," Gaynor akasema. "Kengele ndogo inakwenda."

Akavuta.

"Imekwenda."